Karani wa Mizani

Miaka ishirini na sita nimepima vya watu.
Lori likipanda juu ya chuma, kibanda hutetemeka,
kikombe changu husogea upana wa ukucha
kuelekea ukingo wa meza,
nami naandika: tani nane, nukta tatu. Pita.

Sikuuliza ndani mna nini.
Kazi ya karani ni uzito.
Lakini pua haina likizo:
Jumatatu ni mifupa ya karamu za Jumapili,
Septemba ni makapi ya zabibu, chachu na nyigu,
na baada ya Krismasi hupita misonobari mizima,
nyuzi za fedha zingali zinametameta matawini,
kama wageni waliofukuzwa karamuni wakiwa wamejipamba.

Jaa limejaa. Niliandika hivyo kwenye ripoti
mwaka ule wa mafuriko. Maneno mawili tu.
Meneja Zdravko akacheka, akasema ongeza kurasa.
Tukaongeza udongo.
Mlima ukaota kwenye malisho ya kina Zagorc.

Ukitaka kuutambua mlima wa uongo, ngoja Januari.
Theluji hutua juu ya paa, juu ya kaburi,
juu ya mgongo wa farasi aliyesahauliwa nje,
lakini juu ya jaa haikai.
Chini mle kuna kitu kinaugua homa:
vyote tulivyovitaka,
tulivyovitaka vikawa taka,
vinachemka gizani, wala havijatusahau.

Kisha ikaja barua kutoka Ljubljana: lango lifungwe Juni.
Wakaniuliza, Nevenka, unaweza kutembea?
Nikasema miguu ina miaka hamsini na minane
ila haijatumika sana. Nimekaa.

Shakwe walikawia kuelewa.
Wiki tatu walijipanga juu ya lango lenye kufuli
kama wastaafu wanaongoja pensheni,
halafu asubuhi moja hawakuwapo.

Sasa navaa fulana ya kijani, nafunua mapipa ya watu.
La kahawia ni la mabaki ya jikoni, la manjano la plastiki,
na lile jeusi, dogo kama ndoo,
ndilo linaloniletea matusi.
"Serikali inataka nioshe mikebe ya mtindi?"
alifoka Milojka wa ghorofa ya nne.
"Basi nayo ije inioshee soksi!"
Nikamwambia, mikebe yako nimeipima
tangu mumeo yu hai. Uzito wake naujua.
Leo ndiyo kwanza naiona sura.
Hakujibu. Juma lililofuata ilikuwa imeoshwa,
hata vifuniko, kwa hasira.

Sisemi tumeshinda.
Kila Jumatano mna nailoni ndani ya pipa la kahawia.
Na lile godoro lililotupwa msituni usiku, nyuma ya kanisa,
namjua mwenyewe: ni Stane, ndugu yangu.
Nimelilalia utotoni, nalijua kwa mistari yake.
Nililiburura peke yangu hadi kituoni.
Faini sikuandika.
Hili nalisema hapa tu.

Mabomba yanaifyonza ile homa tumboni mwa mlima
na kupasha bwawa la kuogelea la shule.
Mjukuu wangu Lovro hupiga mbizi humo,
ndani ya joto la misonobari ya kale,
hutoka na midomo myekundu, anadai mkate.

Jana usiku theluji ilianguka.
Asubuhi nilipita langoni. Upande wa kaskazini imekaa,
nyembamba, kama unga juu ya meza;
upande wa kusini, matope yaleyale.
Nikapanda juu ya mizani. Hakuna aliyekumbuka kuizima.
Namba nyekundu zikafikiri, zikatulia:
themanini.
Mizani ya malori huruka ishirini ishirini.
Mtu haimjui, humkadiria tu.